Nani Atashika Kihamba? Namna ya Kumpata wa Kumkabidhi Shamba Lako la Kilimo Hai

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi siku ya kazi, utakaowakuta vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ni wazee. Vijana wako Dar, wako Dodoma, wengine wako hapo chini stendi na bodaboda. Mzee anapalilia migomba huku goti likimsumbua, ng'ombe anasubiri majani, na suala la nani atashika baada yake linangoja Desemba watoto wapande kuja nyumbani. Desemba wakipanda kuna ubatizo, kuna harusi, kuna mbuzi wa kuchinja, na suala linasogezwa hadi Desemba ijayo.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba dogo, iwe nusu ekari au ekari tatu, analolima bila mbolea za viwandani wala sumu za dukani, na ambaye angependa libaki hivyo. Msimamo wangu nauweka mapema: usimtafute mrithi wa ardhi na mkulima ndani ya mtu mmoja. Ardhi ina wenyewe, na Uchaggani wenyewe ni wengi, hata waliozikwa humo wamo. Kulima ni kazi ya mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri. Ukivitenganisha viwili hivi, watu wanaofaa wanaongezeka ghafla.

Hatua ya 1: Orodhesha unachokabidhi

Watu wengi wakiulizwa wana nini watajibu "ekari moja na robo". Hicho ni kipimo cha ardhi tu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipoutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kilichotambuliwa ni mpangilio: miti ya kivuli kama miringaringa na miruka juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini kabisa, ng'ombe bandani na mfongo, yaani mfereji wa asili, unaoleta maji. Mpangilio huo hauonekani kwenye hati. Ukiondoka bila kuuandika, anayekuja ataona msitu na atashika panga.

Nunua daftari kubwa la jalada gumu. Andika humo, au mwambie mjukuu akuandikie:

- Ramani ya shamba ya kuchora kwa mkono: mipaka, masale (mimea inayopandwa kuonyesha mpaka), makaburi, njia ya maji, mahali udongo unapotuama maji na mahali unapokauka mapema.
- Kila kipande kilipandwa nini kwa miaka mitatu iliyopita na kiliwekewa nini.
- Mbegu zako zimetoka wapi. Maharage yale ya mama mkwe yaandikwe kwa jina mnaloyaita nyumbani.
- Dawa zako za asili na vipimo vyake: utupa, mwarobaini, pilipili na vitunguu saumu, mkojo wa ng'ombe. "Kiasi" si kipimo. Andika lita na gramu, au kopo la aina gani.
- Zamu ya maji ya mfongo: siku gani, saa ngapi, unampokea nani na unamwachia nani.
- Wanunuzi: nani anachukua ndizi, nani maziwa, nani mboga, kwa bei gani na analipa lini. Anayechelewesha mwandike pia.

Daftari hili lina kazi ya pili. Kama uko kwenye kikundi chenye cheti, mkaguzi atataka karibu mambo hayohayo.

Hatua ya 2: Kikao cha familia kabla ya kumwita mtu wa nje

Kwa desturi yetu kifungua mimba alikatiwa kihamba chake na kitinda mimba akabaki na boma la wazazi. Wa katikati walijua watatafuta mbele ya safari. Shida ya leo ni kwamba kitinda mimba mwenyewe ni mhasibu Dodoma na hana mpango wa kukama ng'ombe. Anaipenda ardhi, ila kazi yake haitaki. Si kosa, mradi aliseme.

Itisheni kikao tarehe ishirini na kitu Desemba, asubuhi, kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaanza kuzunguka. Alikeni mzee mmoja wa ukoo mwenye busara na msiyedaiana naye. Ulizeni maswali matatu tu, na kila mtoto ajibu kwa mdomo wake: Je, unataka ardhi hii ibaki ya familia? Je, uko tayari kuja kuilima wewe mwenyewe ndani ya miaka miwili? Kama hutakuja, unakubali alime mtu mwingine kwa mkataba? Majibu yaandikwe na wote watie saini.

Mabinti na wakwe wawepo, na wasiishie jikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sheria kando, tazama hali halisi: katika nyumba nyingi anayejua ni mgomba upi umeanza mnyauko na ng'ombe yupi kaacha kula ni mke wa mtoto, aliyeachwa kijijini na mumewe. Mrithi wako anaweza kuwa yuko zizini sasa hivi na hakuna aliyemuuliza.

Ridhaa ya mkeo au mumeo ni ya lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwenzi mmoja kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila mwenzake kukubali, na kihamba ndipo nyumba ilipo.

Hatua ya 3: Mahali pa kumtafuta

Anzia karibu. Kibarua anayekuja kwako kila mwaka, ambaye akimaliza kazi anauliza kwa nini unaweka majivu pale, huyo mtazame mara mbili. Mpwa aliyerudi kijijini baada ya mjini kumshinda pia mtazame, ila jua kama amerudi kukaa au kupumzika.

Ukikosa hapo, peleka habari kwenye mkutano wa chama chenu cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS, na kwenye matangazo ya kanisani au msikitini. Vyuo vinatafuta mahali pa kupeleka wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo: kuna chuo cha mifugo cha LITA pale Tengeru, na chuo kikuu cha kilimo, SUA, kule Morogoro. Mpokee mwanafunzi kwa kipindi cha mafunzo, mlishe, mfanye kazi pamoja. Ni mtihani usio na gharama kubwa, na msipoelewana anarudi chuoni bila mtu kuvunjiwa heshima. Morogoro kuna pia Sustainable Agriculture Tanzania, wanaofundisha wakulima kilimo cha ikolojia. TOAM, mwavuli wa wadau wa kilimo hai nchini, nao wana mtandao wa vikundi. Agosti nenda viwanja vya maonyesho ya Nane Nane vya Themi, Njiro, Arusha, ukae kwenye mabanda ya kilimo hai usikilize nani anauliza maswali ya mkulima na nani anatafuta kofia ya bure.

Dalali usimshirikishe. Kazi yake ni kuuza viwanja, na kihamba kilicho karibu na lami anakiona kiwanja.

Tangazo lako liwe la ukweli. Kitu kama hiki kinatosha: "Natafuta mtu wa kulima kihamba cha ekari moja na nusu, kilimo hai, Kibosho. Kahawa, migomba, mboga, ng'ombe wawili wa ndani. Chumba kipo. Mwaka wa kwanza ni wa kujaribiana. Hakuna sumu, hakuna mbolea ya chumvichumvi. Ardhi haiuzwi."

Hatua ya 4: Mwaka wa kujaribiana

Usimwamini mtu kwa maneno, wala usimkatae kwa maneno. Vijana wengine hawajui kujieleza ila mikono yao inajua. Mama mmoja wa Uru alikuwa na namna yake. Kila aliyekuja kuomba kazi alipelekwa kwenye rundo la mboji lililochomekwa fimbo ndefu katikati, akaambiwa aiangalie. Wengi waliisifia mboji. Kijana mmoja aliichomoa fimbo, akaishika, akainusa.

"Bibi, hii imesimama."
"Imesimamaje?"
"Fimbo haina joto. Halafu ni kavu, ina ukungu mweupe. Haijanywa maji."
"Basi kachote."

Huyo ndiye aliyebaki. Fimbo ikitoka ya moto na yenye unyevu, mboji inafanya kazi. Ikitoka kavu na nyeupe, imekosa maji. Jambo hilo hufundishwa kwa siku moja, lakini yule bibi alitaka kuona nani anagusa kabla ya kusema.

Kujaribiana kuchukue mzunguko mzima wa mwaka, kwa sababu kila msimu una kishawishi chake. Masika, kuanzia Machi, magugu yanakimbia kuliko mikono, na mtu atakuuliza kwa nini msipulizie dawa ya magugu mara moja tu. Viwavijeshi vamizi wakiingia kwenye mahindi utaona kama anakwenda kuwatafuta kwenye kiini alfajiri au anakwenda dukani. Kahawa ikianza kuiva anachuma nyekundu peke yake au anakokota tawi zima? Kiangazi ni cha kujua kama anashuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe au anamlisha mabua matupu hadi mbavu zihesabike.

Nusu ya kwanza ya mwaka mfanye pamoja. Nusu ya pili mpunguzie usimamizi, kisha ondoka. Nenda kwa mtoto wako Dar ukae wiki tatu, na usipige simu kila jioni. Ukirudi usianze kuuliza, zunguka. Tazama matandazo chini ya migomba, tazama maji ya ng'ombe, chomoa ile fimbo. Uliza kwa jirani kama bomba la kupulizia liliazimwa. Bomba la kuazima ni hatari hata kama ndani aliweka maji ya mwarobaini, kwa kuwa mabaki ya sumu ya jirani hubaki kwenye mpira na kwenye pua ya bomba. Shamba lako liwe na bomba lake, na lisiazimishwe.

Akifanya kosa na akakwambia kabla hujaliona, endelea naye.

Hatua ya 5: Fedha, tangu mwezi wa kwanza

Hapa ndipo mipango mingi inapokufia. Mzee anamwambia kijana, "Fanya kazi, hili shamba litakuwa lako." Litakuwa lini? Kijana ana watoto wanaokwenda shule Jumatatu.

Kihamba kina fedha za kasi tatu. Maziwa ni ya kila siku, ndizi na mboga ni za kila wiki pale sokoni Mbuyuni au Kiborloni, kahawa ni ya msimu, na malipo yake kupitia ushirika yanaweza kuja kwa awamu. Ushauri wangu ni kumwachia anayeingia fedha za haraka kwanza. Achukue mboga zote, pamoja na sehemu ya maziwa mtakayokubaliana. Kahawa ibaki kwako mwaka wa kwanza, mwaka wa pili apate theluthi, wa tatu nusu, na kuendelea. Hivyo anakula leo na ana sababu ya kungoja kesho, nawe hubaki mikono mitupu ghafla.

Nusu kwa nusu ya kila kitu ni rahisi kuitamka, ila ina ugomvi ndani yake: nani ananunua pumba, nani anamlipa daktari wa mifugo, samadi ni ya nani? Mkiichagua, gharama zitolewe kwanza, zikiwa na risiti, halafu kilichobaki ndicho kigawanywe.

Hatua ya 6: Mkataba, na suala gumu la miti

Huku kwetu mwenye ardhi akimkodisha mtu shamba humkataza kupanda chochote cha kudumu. Sababu inaeleweka: aliyepanda mti huanza kudai, na mahakama zimejaa kesi za namna hiyo. Lakini kilimo hai bila miti, bila migomba mipya na bila kufufua kahawa ni kuvuna tu alichoacha mzee mpaka kiishe. Mibuni mipya, hasa aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ya Lyamungu, inamfaa sana mkulima asiyetaka kupiga dawa. Ila ukiipanda leo utasubiri takribani miaka mitatu kabla ya kuchuma cha maana. Nani atapanda kahawa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja?

Kwa hiyo mkataba uwe mrefu, si chini ya miaka saba baada ya mwaka wa majaribio, na miti iandikwe kwa uwazi:

Kwanza, hesabuni kilichopo siku ya kukabidhiana: mibuni mingapi hai, mashina mangapi ya migomba, miti mikubwa mingapi na ya aina gani, ng'ombe wangapi. Mzunguke pamoja, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, na picha zipigwe.

Pili, semeni kwamba atakachopanda yeye ni cha shamba, hakimpi haki juu ya ardhi, lakini mkataba ukivunjwa na familia kabla ya muda atalipwa kwa kila mbuni na kila shina aliloongeza, kwa bei mliyoandika humo. Bila kipengele hiki atajenga udongo miaka mitano, warithi wataona kihamba kimependeza, watamfukuza. Mtu mwenye akili hataanza.

Tatu, miti mikubwa ya kivuli isikatwe bila saini mbili, yake na ya familia. Hii inawahusu hata watoto wako wanaorudi Desemba wakitafuta mbao.

Nne, iandikwe kwamba ameingia kwa ruhusa na kwa mkataba. Kudai ardhi mahakamani kuna ukomo wa miaka 12, na familia nyingi huogopa kumpa mtu shamba kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Karatasi inayoonyesha kwamba yupo kwa ridhaa yako inawalinda ninyi, na inamlinda yeye pia.

Tano, makaburi. Chorea eneo lake, andika kwamba halilimwi na kwamba familia ina njia ya kufika muda wowote. Andika pia mahali pa kuzikia watakaofuata. Si uchuro. Msiba ukitokea hakuna atakayekuwa na nafasi ya kubishana na mpangaji kuhusu migomba ya kukata.

Sita, masharti ya kilimo: kisichoruhusiwa kuingia shambani, na nini kinafuata kikiingia.

Saba, mkataba uwafunge warithi na msimamizi wa mirathi. Ukifa bila hilo, kikao cha ukoo kitampendekeza msimamizi, Mahakama ya Mwanzo itamteua, na huyo anaweza asijue kwamba kuna kijana aliyeahidiwa kitu.

Mkataba ulioandikwa na wakili upelekeni Halmashauri ya Kijiji, kwa maana ardhi ya kijiji haipangishwi kwa miaka mingi wala kuhamishwa kienyeji bila idhini yake. Kama una Hati ya Hakimiliki ya Kimila, nenda nayo. Kama huna, huu ndio wakati wa kuiomba, kabla mtu mwingine hajaingia na majirani wakiwa bado wanakumbuka masale yako yalipoishia. Waliomezwa na mji, wanaokaa kwenye mtaa badala ya kijiji, waanzie ofisi ya ardhi ya manispaa. Wosia nao uandike sambamba, usipingane na mkataba, na uuhifadhi kwa wakili au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Hatua ya 7: Kumtambulisha

Cheti hakirithiwi kama panga. Kama umo kwenye kikundi kinachotumia alama ya Kilimohai, au kikundi cha kahawa hai ya kuuza nje, mwarifu kiongozi wa kikundi kabla ya makabidhiano ili mwenzako asajiliwe, afundishwe masharti na akaguliwe. Ukinyamaza, mkaguzi atakuta mtu asiyemjua na daftari lisilo na saini, na shamba linaweza kusimamishwa. Kwa soko la Ulaya, shamba la mimea ya kudumu kama kahawa hukaa miaka mitatu katika kipindi cha mpito kabla mavuno yake hayajaitwa hai. Mtu akipuliza sumu siku moja, saa hiyo inaweza kuanza upya, na kikundi kizima kikaingia matatani.

Kuhusu maji, nenda naye kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfongo. Zamu ya maji inafuata anayeonekana na jembe mfereji unapozibuliwa, na asiyejulikana atakuta maji yamegeuzwa usiku. Nenda naye kwa majirani wanaopuliza sumu, muelewane kuhusu upepo na ukingo wa matete. Nenda naye AMCOS, ajiunge na kununua hisa zake mwenyewe.

Wateja mkabidhi mmoja mmoja, ana kwa ana. Anayekununulia mboga za hoteli anakuamini wewe, si shamba.

Hatua ya 8: Wewe sasa

Baki na kipande. Robo ya ekari karibu na nyumba, migomba ya mtori, mboga za bibi, kuku. Ukiachia kila kitu, utaingilia kila kitu. Kwingine mwachie aamue, hata akipanda parachichi mahali wewe usingepanda. Wekeni siku moja ya wiki ya kuzunguka pamoja na kusema yaliyo moyoni, siku nyingine umpite kama mtu anavyompita jirani yake: "Habari za kazi?" basi.

Ikitokea umetafuta na hakuna aliyefaa, usimkodishie mkulima wa nyanya ili eneo lisikae bure. Msimu mmoja wa nyanya za sumu unafuta kazi ya miaka. Punguza mzigo: ng'ombe abaki mmoja, mboga zipungue, sehemu ya wazi ipande fiwi au mbaazi na matandazo yabaki chini, migomba na miti uiache iendelee. Jirani anayelima kama wewe anaweza kukata majani kwako na kurudisha samadi, kwa makubaliano ya msimu mmoja mmoja. Kihamba kinaweza kukaa hivyo miaka kadhaa kikiwa hai, huku tangazo lako likiendelea kusomwa kanisani.